Wiki ya sita, macho yakageuka manjano

Wenzangu mnaoanza kazi kwenye kliniki za HIV hapa Mombasa, kuna jambo nililichelewa kulielewa: mgonjwa anaweza kuumwa zaidi kwa sababu kinga yake inarudi.

Miaka yangu ya mwanzo alinijia mvuvi wa Likoni. Alikuwa ameanza ARV, dawa za kuikandamiza HIV, wiki 6 nyuma, na CD4 zake, yaani seli za kinga, zilikuwa chini ya 100. Macho manjano, mkojo kama chai ya mkandaa. Akaniambia, "Daktari, nilikuja nikitembea. Dawa zenu ndizo zimenilaza." Nikashika kalamu nimkatie dawa. Mkubwa wangu akanizuia, akauliza: amepimwa homa ya ini aina ya B? Faili haikuwa na jibu. Tukampima, akawa nayo.

Virusi vya B vyenyewe haviui sana seli za ini. Wauaji ni askari wa mwili wanaozisaka seli zilizovificha. Kinga ikiwa imeporomoka, virusi hujizalia humo kimya. ARV zikiikandamiza HIV, askari huamka, wakavikuta, na vita huanza: ALT, kipimo cha damu kinachoonyesha ini linaumia, inapanda, hasa miezi 3 ya kwanza. Mara nyingi hutulia. Lakini wapo ambao ini hushindwa, kwa hivyo usiamue peke yako. Pima ALT, bilirubini (ndiyo inayogeuza macho manjano) na kuganda kwa damu, mwite daktari mkubwa, na uulize kwa upole kuhusu dawa za TB na miti shamba, kwani nazo huumiza ini.

Ndani ya TLD, kidonge kimoja chenye ARV tatu, tenofovir na lamivudini hupigana na virusi vyote viwili. Dolutegravir, ile ya tatu, haina habari na vya ini. Ukikatisha kidonge hicho ovyo, virusi vya B hufufuka, maana mzizi wao hubaki ndani ya kiini cha seli. Hata figo zikikulazimisha kuondoa tenofovir, usimwachie mgonjwa lamivudini peke yake; virusi vya B huizoea. Hapa ndipo nawaomba muwe wakali.

Mvuvi hatukumkatia dawa. Tulimlaza, tukawa tunampima kila baada ya siku chache hadi ALT ikashuka. Kisha tukamwita mkewe. Chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hivyo watoto walikuwa nayo. Mama hakuwahi kuipata. Alipimwa, hakuwa na virusi, akachomwa sindano ya kwanza siku hiyo hiyo.