Kifuniko cha rimu kisukume kwa nyuma, usikichokonoe kwa mbele

Rimu yangu ya mbele kulia ina mikwaruzo minne, na kila nikiosha gari naipapasa. Niliipata siku niliyopeleka Toyota IST yangu kufanyiwa balansi, yaani kusawazisha uzito wa matairi. Tairi lilikuwa bado halijafunguliwa. Kijana akachomeka bisibisi bapa pembeni mwa kile kifuniko cha duara chenye nembo katikati ya rimu, akaegemeza chuma kwenye rimu, akakandamiza. "Usijali dada, hivi vinatoka tu." Kikatoka kweli, meno mawili yamekatika, na rangi ya rimu imechubuka hadi aloi ikaonekana.

Kinachoniuma ni kwamba haikuwa lazima. Kwenye balansi kifuniko hakina budi kutoka, kwa sababu mhimili wa mashine unapita kwenye tundu hilo la katikati. Ila tairi nalo litafunguliwa tu. Sasa likishafunguliwa, ligeuze uangalie nyuma: utauona mgongo wa kifuniko na meno yake ya plastiki, mara nyingi yakiwa na waya mwembamba wa duara unaoyatanua ili yabane. Hapo ndipo pa kusukumia.

Mimi husimamisha tairi, kiganja kimoja kikiwa mbele kudaka kifuniko. Kwa mkono wa pili nasukuma kwa mpini wa bisibisi niliouviringishia kitambaa. Usisukume katikati, utapasua plastiki au kubandua nembo. Sukuma karibu na meno, kidogo huku, kidogo kule, ukizunguka. Kikigoma, ujue tope na vumbi la breki vimegandia. Mimina maji ya uvuguvugu yenye sabuni, subiri kama dakika 10, kisha rudia. Petroli usiguse kabisa, inaharibu rangi.

Kuna rimu ambazo kifuniko kimefunika nati zenyewe, kwa hiyo ni lazima kitoke kwa mbele tairi likiwa kwenye gari. Hapo tafuta kwanza kipengo kidogo ukingoni, au skrubu. Volkswagen nyingi huwa na kiwaya chenye ndoano kwenye vifaa vya gari. Unakiingiza kwenye kitundu na kuvuta. Kama ni kipengo, tumia kitu cha plastiki ngumu, na rimu uibandike utepe wa karatasi wenye gundi kabla hujaanza.

Wakati wa kurudisha, sugua mfereji wa rimu ambamo meno hushika kwa mswaki wa zamani, hakikisha waya umekaa sawa nyuma ya meno, kisha kandamiza kwa viganja vyote viwili mpaka usikie "ta!" Nyundo haina kazi hapa.

Kile changu chenye meno mawili pungufu kilidondoka kwenye barabara ya vumbi, sikukiona tena. Nilipoenda dukani niliulizwa aina ya gari tu, na nilichouziwa hakikuingia. Pima mambo mawili: upana wa uso, na upana kutoka jino hadi jino upande wa nyuma. Vifuniko viwili vinaweza kulingana uso na bado meno yakatofautiana milimita mbili. Bora zaidi, chomoa kimoja kizima uende nacho mkononi.

Siku hizi nikifika kwa fundi, kabla hajashika spana namwambia: "Kaka, fungua matairi kwanza, vifuniko nitavitoa mwenyewe." Hakuna aliyewahi kukataa.