Kichwa kutouma hakumaanishi presha imeshuka

Dada, umeuliza kama mama mkwe wako aache dawa za presha kwa kuwa kichwa hakimuumi tena. Hapana, asiache dawa eti kwa sababu kichwa kimetulia. Presha ya 158/96 kama hiyo yake inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma popote, huku ikiharibu mishipa ya damu polepole: moyo unachoka, figo zinashindwa kuchuja, macho yanafifia, na kiharusi kinakuja asubuhi moja mtu akifagia uwanja tu. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unapopiga, ya chini ni moyo ukipumzika kati ya pigo na pigo. Ikiwa 140/90 au zaidi kwa vipimo vya siku tofauti, hiyo ni presha ya juu.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku mtaa wa Nyalenda, Kisumu, napima watu nyumba kwa nyumba. Wengi ninaowakuta na namba kubwa huniambia hawasikii chochote.

Ila kipimo kimoja kisiwatishe. Akitoka soko la Kibuye mbio mbio na mzigo, lazima ipande. Akae kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, bila kuongea.

Dawa ikimletea kikohozi kikavu au miguu kuvimba, arudi kliniki abadilishiwe, zipo aina nyingi. Lakini presha ikifika 180/120 na kifua kinauma, anahema kwa shida au mdomo umepinda, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.