Vifaa vya boti ndogo: nunua kwanza kile utakachokishika injini ikizima

Mkuu uliyeanzisha uzi, umesema umenunua boti ya futi 16 yenye injini moja ya nyuma, ya kutembea na familia wikendi, na hela iliyobaki inatosha vitu vichache tu. Kwenye orodha yako nimeona skrini ya GPS ya kuonyesha mahali ulipo, yenye kitafuta samaki, spika na taa za rangi. Kuhusu majaketi ya kuokolea maisha umeandika tu "yapo, yamekuja na boti". Nanga hukuitaja kabisa. Nina boti ya saizi hiyo kwa mwaka wa tisa sasa, na ningekushauri uipindue hiyo orodha.

Yale majaketi uliyoyakuta, usiyaamini mpaka uyaingize majini. Mimi niliyakuta hivyo hivyo, mazuri kwa macho, rangi bado inawaka. Mwanangu wakati ule ana miaka sita. Tukasimama kwenye maji yanayonifika kifuani, nikamwambia ajiachie. Jaketi likabaki juu ya maji, yeye akashuka ndani yake. Mabega ya jaketi yakampanda masikioni, mdomo ukawa sawasawa na maji, mikono imenyanyuka. Hakulia, alinyamaza tu akinikodolea macho. Nilimnyanyua mara moja, lakini yale macho sijayasahau. Lilikuwa jaketi la mtu mzima mdogo, halina mkanda wa kupita katikati ya mapaja.

Kwa hiyo kila mtu apimiwe lake. Mvalishe, funga mikanda yote, kisha mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda mpaka kidevuni au masikioni, halimfai. La mtoto liwe na mkanda wa mapajani na ukosi wa kushikilia kichwa. Halafu soma lebo ndani, utaona namba ya nguvu ya kuelea kwa nyutoni (kipimo cha nguvu, hufupishwa N). 50 ni la mtu anayejua kuogelea, yuko karibu na nchi kavu na ana fahamu zake. 100 ni la maji yaliyotulia. 150 limeundwa kumgeuza mtu aliyezimia ili uso utazame juu, ingawa nguo nzito zilizoshika hewa zinaweza kulishinda. Yale membamba yanayojijaza gesi ni mepesi na utayavaa siku nzima bila kuchoka, ila yanataka uangalizi: kila mara kabla ya kutoka kaza kwa mkono kile kisilinda kidogo cha gesi, maana hulegea chenyewe, na kikishatumika ni cha kubadilishwa. Kwa mtoto mdogo mimi nabaki na la sponji. Na yote yavaliwe kabla ya kung'oa nanga. Lililoko chini ya kiti hutalifikia boti ikishapinduka.

Sasa nanga. Watu wengi wanaichukulia kama kitu cha kuegeshea boti wakati wa kula, kumbe ndiyo breki pekee uliyonayo injini ikikataa. Yangu ilizima upepo ukitusukuma kwenye miamba, maji yana kina cha mita 6 hivi. Nikatupa nanga. Kamba ikakaza, ikalegea, ikakaza, na mkononi nikahisi mtikisiko kama wa kitu kinachokwaruzwa kwenye kokoto. Ilikuwa inaburura. Kamba yangu yote ilikuwa mita 15, kwa hiyo ilikuwa inainyanyua nanga badala ya kuilaza. Nikaungia kamba tatu za kufungia gatini, za mita 8 kila moja, nikaachia zote. Hapo ndipo omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, ikageukia upepo na boti ikatulia.

Hesabu yake ni hii: chukua kina cha maji, ongeza kimo cha omo kutoka kwenye maji, zidisha kwa 5 mpaka 7. Mita 6 na mita 1 ya omo ni 7, basi unahitaji kamba ya mita 35 hadi 49. Usisahau kuongeza maji yatakayojaa. Kati ya kamba na nanga weka mita kadhaa za mnyororo, uzito wake ndio unaoilaza nanga ili meno yazame. Kamba iwe ya nailoni kwa sababu inanyumbuka wimbi likivuta. Ile nyepesi inayoelea juu ya maji usiitumie, itaingia kwenye propela. Na ncha ya pili ifungwe kwenye pete imara ya omoni kabla hujatupa.

Baada ya hapo ni redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya vyombo vya majini. Simu ibebe, kwenye mfuko usiopitisha maji, lakini simu inamfikia mtu mmoja tu, tena ukiwa na mtandao. Ukiita kwenye chaneli 16, ya dharura, wanasikia wote walio karibu wenye redio iliyowashwa. Ya mkononi ya wati 5 si mbaya kwa kuanzia, ila ukishika chini haifiki mbali kama yenye antena iliyoinuliwa.

Kamba nyekundu inayozima injini ikichomoka haiuzwi ghali na mara nyingi imo tayari. Ifunge mguuni kila unaposhika usukani, maana ukianguka injini isipozimika boti huzunguka na kukurudia wewe uliye majini.

Vingine nitavitaja tu: makasia mawili, ndoo na upo (kopo la kutolea maji yaliyoingia botini) hata kama una pampu ya ngama, yaani ya maji yanayokusanyika chini ya boti, kizimamoto kilicho mbali na tangi, kisu, filimbi kwenye kila jaketi, tochi, plagi za injini za akiba na spana yake, na kizibo cha pili cha tundu la nyuma la kutolea maji. Mafuta gawa mafungu matatu: kwenda, kurudi, na la tatu usiliguse.

GPS ni kitu kizuri na ninayo, inafuata baada ya hivi. Spika na taa subiri mwaka ujao. Utuambie kina cha maji unakotembelea na kama chini ni mchanga, tope au mawe, tukusaidie kuchagua aina ya nanga.