Paneli juu ya bati, LUKU vile vile

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Goba, Dar es Salaam, na mke wangu, watoto watatu na dada wa kazi. Huu ni mwezi wa pili tangu nifunge sola: paneli nne za wati 550, inveta ya kilowati 5 na betri ya lithiamu ya volti 48, ampea 100. Jumla milioni 6. Zamani nilikuwa nanunua LUKU ya 60,000 kwa mwezi. Mwezi uliopita nimenunua ya 65,000. Aliyenifungia anasema mfumo ni mdogo, niongeze paneli mbili. Hivi kweli sola inapunguza bili ya umeme, au nimepigwa?

JIBU: Marahaba. Usinunue paneli hata moja, na huyo fundi asipande tena juu ya bati lako kabla hujamaliza kusoma hapa.

Tupige hesabu. Ukitoa 1,500 ya kodi ya jengo, ile 60,000 inabaki 58,500. Kwa mteja wa T1, yaani daraja la kawaida la nyumbani, uniti moja pamoja na kodi na tozo inagusa shilingi 356. Kwa hiyo nyumba yako ilikuwa inakula uniti kama 164 kwa mwezi, yaani tano na nusu kwa siku. Paneli zako nne ni wati 2,200. Jua la Dar, ukilikusanya lote la asubuhi mpaka jioni, ni sawa na saa tano hivi za jua kali. Toa robo inayopotelea kwenye joto, vumbi na inveta yenyewe, unabaki na uniti nane kwa siku. Unahitaji tano na nusu, una nane. Anayekwambia uongeze hajapiga hesabu hii, au ameipiga akaona faida yake.

Sasa kama paneli zinatosha, mbona LUKU imepanda? Hapa ndipo ninapokutana na watu kila wiki, na ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Watu wameaminishwa kwamba paneli ikishapanda juu ya nyumba inapunguza bili kwa kukaa tu pale, kama hirizi. Paneli haipunguzi bili. Kinachopunguza bili ni ile uniti ya jua iliyotumika ndani ya nyumba mahali pa uniti ya TANESCO. Isipotumika, haijazalishwa kabisa. Paneli inakaa juani bure na wewe unalipa.

Fikiria umeweka mfereji kwenye bati, unavuna mvua na kuishusha kwenye simtanki, halafu bomba la jikoni ukaliunganisha na DAWASA peke yake. Simtanki likishajaa, mvua yote inamwagika uani na ankara ya maji inakuja kama kawaida. Utaongeza mfereji wa pili?

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kibamba aliniita kwa malalamiko kama yako. Nilifika kwake saa saba mchana, jua la kuunguza, mama mwenye nyumba anapiga pasi sebuleni. Nikaenda kwenye inveta ukutani. Kioo kinaonyesha betri asilimia 100, matumizi ya nyumba wati 1,300, na kutoka kwenye paneli: wati 41. Arobaini na moja, saa saba mchana! Pasi yote ilikuwa inakula LUKU. Nikabonyeza kitufe cha kuingilia mipangilio, nikaikuta programu namba 01 imeandikwa UTI. Hiyo ndiyo hali inayotoka nayo kiwandani kwenye nyingi ya inveta hizi za bei ya kati: umeme wa gridi, yaani wa TANESCO, kwanza, sola na betri vingoje mpaka umeme ukatike. Nikaiweka SBU, yaani jua kwanza, kisha betri, gridi mwisho. Ikalia "ta!" ndani, feni zikaanza kuvuma, na namba ya paneli ikapanda mpaka ikapita elfu moja. Mama hakuinua hata kichwa, pasi iliendelea. Kazi ya dakika nne, na aliyefunga alishalipwa na kuondoka miezi mitano nyuma.

Kwako naona hivyo hivyo, na ile 5,000 iliyoongezeka ndiyo inayonithibitishia. Inveta ya kilowati 5 ikiwaka tu, bila kitu kuchomekwa, inakula wati 40 mpaka 60. Mchana jua linaweza kuibeba. Usiku, saa 12 mfululizo, inajilisha kutoka kwenye LUKU: nusu uniti kila usiku, uniti 15 kwa mwezi. Zidisha na 356 uone. Umefunga sola, na kilichoingia ndani ya nyumba ni mlaji mpya.

Angalia pia programu namba 16, inayosema betri ichajiwe na nini. Ikiwa SNU, jua na gridi vyote vinachaji. Matokeo yake betri inashuka usiku, umeme wa TANESCO unaijaza alfajiri, na jua linapochomoza halina pa kuingia. Umenunua uniti, ukazipitisha kwenye betri, ukapoteza kidogo njiani, ukafunga mlango kwa zile za bure. Iweke OSO, jua peke yake, ila wakati wa masika mawingu yakikaa siku tatu na umeme unakatika kwenu, irudishe. Namba hizi zinaweza kutofautiana kidogo, hivyo fungua kitabu kilichokuja na inveta yako kwanza. Kama fundi hakukuachia kitabu, mdai.

Ukishafanya hivyo, geuza ratiba ya nyumba. Jua lako la maana ni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Pampu ya maji, mashine ya kufulia, pasi ya nguo za shule: dada avimalize humo, kimoja kimoja, si vyote kwa pamoja. Betri yako inashika uniti tano hivi, inatosha taa, televisheni, feni na friji mpaka asubuhi. Haitoshi kiyoyozi cha kulala nacho. Na hita ya bafuni ya papo kwa papo isipite kwenye inveta kabisa. Ile peke yake inaweza kuvuta kilowati 4 na zaidi, itaizimisha kila mtu akioga.

Uliuliza kama umepigwa. Vifaa ulivyotaja si vibaya. Ulichopigwa ni ahadi. Tuseme umerekebisha yote na ukaokoa uniti 100 kwa mwezi, ambazo kwa nyumba yako ni nyingi. Hizo ni 35,600 kwa mwezi, 427,200 kwa mwaka. Milioni 6 inarudi baada ya miaka 14. Betri nzuri ya lithiamu tunaitarajia ikae miaka kumi hivi, na inveta ya daraja hilo siwezi kukuahidi kwamba itafika. Kwa hiyo ndiyo, bili itapungua, tena kwa zaidi ya nusu. Hela yako kurudi ni hadithi nyingine. Kama ungekuwa umefunga ili watoto wasisome gizani umeme ukikatika, ningekwambia umefanya vyema, ingawa tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere ianze kuzalisha mwaka 2024 hata mgao umepungua.

Sola inamlipa haraka anayetumia umeme mchana: mwenye bucha na friji zake, saluni, duka la kuprinti, muuza barafu. Huyo anaweza kufunga paneli na inveta bila betri kubwa, na betri ndiyo karibu nusu ya gharama yako. Inamlipa haraka zaidi anayewasha jenereta. Mwenye matumizi madogo aliye kwenye D1, yaani daraja la bei nafuu, anayepata uniti 75 kwa 9,150, akimwona mtu wa sola mlangoni kwake na hesabu za kuokoa LUKU, amkaribishe chai na amsindikize. Hakuna sola ya kununua inayoshinda bei hiyo.

Lakini hao ndio wanaofuatwa. Vishoka, yaani mafundi bandia, wameingia kwenye sola kama walivyoingia kwenye kuunganisha umeme, na maneno yao yanafanana: "sahau LUKU", "bili sifuri". Juzi nimeletewa paneli imebandikwa "wati 300", ukubwa wake sinia la pilau. Jua kali kabisa linashusha wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli nzuri ya leo inanasa asilimia 21 au 22 tu. Mita nzima ya mraba haikupi zaidi ya wati 220, sembuse sinia. Paneli halali ya wati 550 ina urefu wa mita 2.28 na upana wa mita 1.13, na inakaribia kilo 30. Ukiona kijana anaipandisha ngazi kwa mkono mmoja huku anaongea na simu, mwite ashuke.

Kuna wanaouza kidude cha kuchomeka kwenye soketi kinachowaka taa ya kijani na "kupunguza umeme". Ndani nimekuta kapasita ndogo na hiyo taa. Mita ya nyumbani inahesabu uniti, na kapasita haipunguzi uniti.

Wabaya kuliko wote ni wanaokwambia watarudisha umeme wako kwenye nyaya za TANESCO ili "mita irudi nyuma". Mita ya LUKU hairudi nyuma. Zipo zinazohesabu umeme unaotoka kama umeme uliotumia, zikakukata uniti kwa umeme uliozalisha mwenyewe. Na inveta isiyojizima gridi ikikatika inapeleka umeme kwenye waya ambao mtu wa TANESCO amepanda nguzo kuushika akijua umekufa. Hilo lina taratibu zake na vibali, halifanywi usiku na mtu asiye na leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati.

Leo saa kumi na mbili jioni andika uniti zilizobaki kwenye mita. Badilisha hizo programu mbili, kisha andika tena kila siku saa hiyo hiyo kwa wiki mbili. Siku zisizo na mawingu zikiendelea kula zaidi ya uniti mbili na nusu, niandikie tena, safari hii na picha ya kioo cha inveta iliyopigwa saa sita mchana.