"Seva imetoa leseni": imempa mtu au imeziondoa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko kitengo cha TEHAMA katika ofisi moja hapa Mtumba, Dodoma. Tuna programu ya kuchora ramani yenye leseni 10 kwenye seva, ile kompyuta inayohudumia nyingine, na watumiaji ni zaidi ya 20. Juzi nilibandika tangazo mlangoni: "Seva imetoa leseni zote 10. Tafadhali subiri." Mzee mmoja wa upimaji akanipigia simu ana wasiwasi: "Kijana, nani ametoa leseni zetu?" Je, nimekosea Kiswahili? Na mwenzangu anaziita "leseni zinazoelea". Ni sawa?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Sarufi hukukosea, lakini mzee naye alisoma sawasawa. Kitenzi "kutoa" kina pande mbili. Upande mmoja ni kumpa mtu, kama katika "kutoa sadaka", na wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Upande wa pili ni kuondoa: daktari anatoa jino, mwanafunzi anaandika kumi kutoa nne, na ukienda kwa wakala wa pesa za simu ukasema "naomba kutoa", pesa zinapungua kwenye akaunti yako. Huo wa pili nao tunausikia kila siku. Mtu aliyetoka kutoa elfu hamsini kwa wakala, akikuta mlangoni kwamba seva imetoa leseni zote, ana haki ya kuuliza zimekwenda wapi.

Utaniambia: mbona tunasema Mamlaka ya Mapato imetoa leseni ya udereva na hakuna anayeshtuka? Kwa sababu leseni ile ikishatoka ni yako, unaiweka kwenye pochi mpaka muda wake uishe. Dereva mwingine akienda kesho, atapewa ya kwake. Leseni ya kwenye seva haiko hivyo. Inakwenda kwa mtu na jioni inarudi, na kesho yake inakwenda kwa mwingine. Kitenzi kinachoifaa ni kile chenye kurudi ndani yake, na "kutoa" hakina.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, maana neno zuri hutokana na kukijua kitu. Mchoraji anabofya programu saa mbili asubuhi. Kabla haijafunguka, programu inaiuliza seva kupitia mtandao wa ofisi: ipo nafasi? Seva ina faili la leseni kutoka kwa mtengenezaji, lenye sahihi ya kidijiti, lililofungwa kwenye mashine hiyo hiyo, mara nyingi kwa namba ya kadi yake ya mtandao. Ndiyo maana huwezi kulinakili ukalipeleka kwenye seva nyingine likafanya kazi. Seva inahesabu: kumi, tisa zina watu, imebaki moja. Inampa, na inaandika jina lake, kompyuta yake na saa. Akifunga programu, hesabu inarudi. Na kompyuta yake ikizima ghafla? Kwa kawaida programu na seva husalimiana kila baada ya muda mfupi. Salamu zikikatika, seva husubiri kidogo kisha huirudisha leseni kwenye hesabu, ampe mwingine.

Neno letu la mwenendo huo ni "kupokezana". Watu wawili wenye jembe moja hupokezana, walinzi hupokezana lindo. Kwa hiyo mimi ningeziita "leseni za kupokezana", na zile nyingine, zinazofungwa kwenye mashine moja tu, ningeziita "leseni za kompyuta moja". Hilo la "kuelea" silipendi. Kinachoelea majini hakijashikwa na mtu, kinakwenda kinakopelekwa na mkondo, lakini hizi kila ikitoka ina aliyeishika na jina lake limeandikwa. Na "leseni za pamoja" nalo linapotosha kidogo: mtu atadhani wote wanaweza kuingia kwa wakati mmoja.

Sasa vitenzi. Ukifungua daftari la matukio la FlexNet, mfumo wa kusimamia leseni ambao zamani uliitwa FLEXlm na unaotumiwa na watengenezaji wengi wa programu za uhandisi, utakuta maneno matatu yakijirudia: OUT, IN na DENIED. Mawili ya kwanza yameandikwa kwa jicho la seva: leseni imetoka kwangu, leseni imerudi kwangu. Ukitaka kuwaandikia wenzako taarifa kutokana na daftari hilo, chunga neno "kwa". "Leseni imetoka kwa Asha" kwa Kiswahili maana yake Asha ndiye alikuwa nayo, kinyume kabisa cha ulichokusudia. Andika "Asha amechukua leseni" na "Asha amerudisha leseni". Mtu awe mtenda, utata unakwisha.

Neno la tatu, DENIED, yaani ombi limekataliwa, ndilo lenye uzito, na naomba ulisimamie. Wengi huliandika "umenyimwa leseni" kwa kila hali. Lakini kunyimwa ni mwenye kitu kuwa nacho na asitake kukupa. Ikiwa zote kumi zina watu, hakuna aliyekunyima, umekosa, kama unavyokosa kiti kwenye daladala. Kunyimwa kupo pia. Msimamizi anaweza kuandika masharti kwenye faili la seva: kundi fulani lisipewe leseni hii kabisa, au leseni mbili zihifadhiwe kwa wapimaji hata kama hawapo. Aliyezuiwa na sharti hilo atanyimwa hata seva ikiwa na leseni tele. Anayekosa dawa yake ni kusubiri, na anayenyimwa inabidi aje ofisini kwako. Ukiwachanganya kwa neno moja, mmoja atasubiri siku nzima bure.

Wengine wangependekeza "kuazima" kwa kila anayefungua programu. Ningelitunza neno hilo kwa kazi yake maalumu. Mpimaji anakwenda Kondoa na kompyuta mpakato, kule hauoni mtandao wa ofisi. Akiwa bado ofisini, na ikiwa mtengenezaji ameruhusu, anaweza kuchukua leseni ya siku tano aondoke nayo. Seva itaihesabu iko nje mpaka tarehe hiyo, hata kompyuta ikiwa imezimwa ndani ya begi. Huko ndiko kuazima hasa: kitu kile kile, kwa muda mliokubaliana, kirudi. Usiseme "amekopa leseni". Jirani unamkopa sukari, ukaila, ukalipa sukari nyingine, ila sufuria unaiazima. Najua mitaani watu husema "niazime elfu tano", na wanaelewana, lakini kwenye mwongozo wa kazi tofauti hiyo inasaidia.

Tena kitenzi hiki kina tabia yake. "Nimeazima leseni kwenye seva" ni kuchukua. "Seva imeniazima leseni" ni kupewa. Kitenzi ni kimoja, mwelekeo unaonyeshwa na kiwakilishi cha mtu kilichoingia katikati. Anayesema "imeniazimisha" kwa kufuata mfano wa kukopesha, simsahihishi.

Nimeona pia umeandika "seva imetoa", si "ametoa". Baki hapo hapo. Seva inajibu na kuandika majina, lakini si kiumbe hai: seva imekubali, seva zimezima.

Tangazo lako basi ningeliandika hivi: "Leseni zote 10 zina watu. Ukimaliza kuchora, funga programu ili leseni irudi kwa mwenzako." Mzee wa upimaji amesikia "kina mtu" kwenye viti maisha yake yote.