Gari ni mwendo

Mwanangu,

Salamu zimefika, na swali lako pia: tajiri wako anataka kuuza gari moja kati ya mawili, Porsche 918 Spyder au McLaren P1, yote yakitumia petroli na umeme, na ushauri anautaka kwako wewe unayemtunzia magari hapo Dubai. Unaniuliza lipi liondoke.

Kwa hesabu, P1 ni adimu zaidi. Yalitengenezwa 375 tu, na zile Porsche ni 918 kama jina lake. Mnunuzi wa mnadani ataanzia hapo. Mimi siwezi. Gari ni mwendo.

Enzi zangu za gereji huko huko, kabla mama yako hajanirudisha Mombasa, mteja mmoja alinipakia kwenye 918 yake alfajiri tukaelekea Hatta. Mtaani tulitoka kwa umeme mtupu, nasikia kokoto zikipasuka chini ya matairi. Tulipofika milimani akakanyaga mafuta. Ile injini ya V8 ya lita 4.6 ikaamka nyuma ya vichwa vyetu, maana ekzosi zake hazipiti chini, zinatokea juu ya injini yenyewe. Inapita mizunguko 9,000 kwa dakika, mwanangu! Mota moja ya umeme inavuta mbele, nyingine inasaidiana na injini nyuma. Nilipiga kelele za furaha mpaka sauti ikakauka.

Baadaye nikaitwa kwa tajiri mwingine. P1 yake ilikuwa chini ya turubai, viti bado vina plastiki. Betri kubwa ilikuwa imeachwa ikaisha kabisa, kiangazi kizima, kwenye joto lile. Tuliivuta kwa winchi mpaka juu ya lori. Mpaka leo inaniuma.

Utasema, baba, lenye kilomita chache ndilo linalopanda bei. Kweli, na mali ni yake. Hata babu yako hakuruhusu mtu aguse ile Peugeot 504 yake, na mimi nilimwelewa. Lakini kila Jumapili aliitoa! Gari ni mwendo.

Sasa lipi liuzwe? Jibu ninalo, liko kwenye ncha ya ulimi, ila gari si langu na mnunuzi simjui. Muulize kwanza tajiri wako ni lipi aliloliendesha mwezi huu, kisha uniandikie. Na chaja za yote mawili uzikague wewe mwenyewe, usimwachie mlinzi.

Baba yako