Maswali yenu ya mawimbi: acheni kunitumia namba moja

Wiki hii zaidi ya nusu ya meseji zenu ni swali lile lile, kwa hiyo naanza nalo tulimalize. Nawajibu nyie mnaoanza kupanda mawimbi kwenye fukwe za mchanga, mliojifunza kusimama juzi au bado mnaangukia kwenye povu. Wazoefu mnisamehe.

SWALI: Kocha, utabiri wa kesho unasema wimbi mita 1. Ni safi kwa anayeanza?

Siwezi kukujibu, na sio kwamba nakunyima, umenipa namba moja wakati nahitaji nne: urefu wa wimbi kwenda juu, sekunde, upepo na maji yatakuwa wapi saa hiyo, yamejaa au yamekupwa. Mita 1 ya sekunde 6 na mita 1 ya sekunde 14 ni bahari mbili tofauti kabisa. Zile sekunde ni muda unaopita kati ya wimbi moja na linalofuata. Zichukue, zizidishe zenyewe kwa zenyewe, afu zidisha kwa 1.56, utapata mita kati ya mgongo wa wimbi na mgongo wa wimbi lijalo kule kwenye kina kirefu. Sekunde 6 inatoka mita 56. Sekunde 14 inatoka mita 306! Na wimbi linaanza kuhisi chini ya bahari pale kina kinapofika nusu ya hiyo namba, yaani hili la sekunde 14 linagusa chini tangu kwenye kina cha mita 150 huko, linapunguza mwendo, linajikusanya, linainuka, na likifika kwako sio ile mita 1 uliyoisoma kwenye simu tena.

Halafu jingine. Hiyo mita 1 sio wimbi kubwa la siku. Ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi, kwa hiyo ukikaa majini saa nzima usishangae likija moja linalokaribia mara mbili yake. Na wimbi lenye urefu mara mbili lina nishati mara nne, sio mara mbili, ndo maana mtu aliyekuwa anacheza vizuri kwenye nusu mita anaenda kwenye mita 1 akidhani ni hatua ndogo tu, anatoka amekunywa maji na hataki kurudi.

Mimi kwa mtu wangu anayeanza natafuta hivi: nusu mita mpaka mita 1 kasoro, sekunde 7 mpaka 10, upepo usiozidi kilomita 15 kwa saa. Sekunde zikifika 12 na kuendelea nashusha urefu ninaoukubali. Kuanzia leo ukiniandikia, niandikie namba zote nne.

SWALI: Ufukwe wetu una sehemu moja mawimbi hayapasuki kabisa, maji yametulia kabisa. Ndo tunapoingilia na watoto. Iko sawa?

Haiko sawa, na naomba usimamishe hilo zoezi leo leo.

Swali hili linaninyima usingizi kwa sababu kila anayeliuliza anaona anafanya jambo la busara. Sikiliza basi. Mawimbi yanasukuma maji kuja ufukweni, muda wote, na hayo maji lazima yarudi. Yanatafuta njia, na njia yenyewe ni mfereji kati ya mafungu mawili ya mchanga, pale kina kilipo kirefu. Kwa sababu ni kirefu, wimbi halipasuki pale. Kwa hiyo kulia kuna povu, kushoto kuna povu, katikati kuna uchochoro wa maji yaliyotulia, mara nyingi meusi kidogo, au yamechafuka na mchanga, na ukiangalia vizuri unaona mapovu na majani yanaelea kuelekea nje, sio kuja kwako. Huo ndo mkondo wa kuvuta. Sehemu mnayoiona tulivu ndo mlango wa kutokea baharini.

Kasi yake mara nyingi ni ndogo tu lakini inaweza kufika mita 2.5 kwa sekunde, na hakuna bingwa wa Olimpiki anayeogelea hivyo, kwa hiyo usijidanganye na misuli yako. Hauvuti mtu chini, hilo ni la kuambiana tu, unavuta kwenda nje. Wanaokufa mara nyingi wanakufa kwa kuchoka, wanaogelea kurudi moja kwa moja ufukweni kupingana nao hadi nguvu zinaisha. Ukijikuta ndani yake na una bodi, ule ubao wa kupandia mawimbi, usiiache kamwe, hilo ndo boya lako. Lala juu yake, vuta pumzi, nyanyua mkono mmoja juu watu wakuone, afu piga makasia ya mikono kwenda pembeni, sambamba na ufukwe, mpaka ufike pale povu linapopasuka. Povu litakurudisha. Huna bodi, elea, usipigane nao, unapopungua ndo utoke pembeni hivyo hivyo.

Na watoto mwape maji ya kiunoni, pale penye povu dogo, mkiwa mmesimama upande wa bahari na wao upande wa nchi kavu. Kama ufukwe una waokoaji, ingieni kati ya bendera zao za rangi mbili, nyekundu juu na njano chini. Nyekundu tupu maana yake hakuna kuingia, na haina mjadala.

SWALI: Nimesikia upepo wa kutoka bara ndo mzuri zaidi, unalainisha wimbi. Kwa nini wewe unausema vibaya?

Siusemi vibaya, nausema vibaya KWAKO. Ni kweli unalainisha uso wa wimbi, unalishikilia lisianguke haraka, mzoefu anaupenda. Lakini mzoefu ana mikono iliyozoea kupiga makasia masaa mawili, wewe una dakika ishirini.

Kuna kijana nilimwona asubuhi moja, bodi ya sponji futi 9, upepo wa bara wa kawaida tu, ufukweni hata mchanga haukuruka. Alikuwa amelala kifudifudi anapiga mikono kurudi, na kila akiacha kupiga ili avute pumzi pua ya bodi inageuka yenyewe inaangalia bahari, maana ile bodi imekaa juu juu ya maji, upepo unaishika kama jani. Akipiga kumi anaenda mbele, akipumzika tano anarudi alipokuwa. Walimfuata na boti. Alipotoka ngozi ya kifua ilikuwa imechunika kwa kusuguana na sponji na vidole vimekakamaa hata kikombe cha maji ilibidi mwenzake amshikie. Na ufukweni siku hiyo watu walikuwa wanasema hali ni shwari. Ukiwa umesimama nchi kavu huusikii vizuri upepo wa bara kwa sababu miti na majumba yanakukinga, unaanza kuusikia ukishatoka nje. Ukizidi kilomita 15 baki kwenye maji ya kiunoni, ukizidi 25 bodi kubwa usiiingize majini kabisa.

SWALI: Asubuhi au jioni?

Asubuhi. Jua likishapanda nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, hewa inapanda juu, na upepo wa bahari unaingia kuziba pengo, kwa hiyo kuanzia saa nne au saa tano kwenye fukwe nyingi wimbi linavurugika.

SWALI: Niliangalia jedwali la maji, likaniambia maji yamejaa 06:00, nimefika saa sita mchana nakuta maji yamekupwa. Jedwali limekosea?

Jedwali halijakosea, wewe umesoma saa za kizungu kwa masaa yetu. 06:00 ni saa kumi na mbili alfajiri. Saa sita mchana ni 12:00, na kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama masaa sita, kwa hiyo ulifika maji yakiwa chini kabisa, sawasawa na jedwali lilivyosema. Andika pembeni kwa kalamu kabla hujatoka nyumbani. Na uangalie pia hilo jedwali linatumia saa za wapi, kuna aplikesheni zinaonyesha saa za Greenwich mpaka uzibadilishe mwenyewe.

SWALI: Maji yakijaa au yakipwa, lini ni bora kwa anayeanza?

Inategemea ufukwe wako, lakini kama hujui lolote nenda maji yakiwa katikati na yanajaa. Sababu yake ni hii: wimbi linapasuka likifika kwenye kina cha kama mara 1.3 ya urefu wake, la mita 1 linapasuka kwenye maji ya mita 1.3 hivi. Maji yakijaa kabisa kwenye ufukwe wenye mteremko mkali, kina hicho kinapatikana pale pale mguuni pako, wimbi linajibwaga juu ya mchanga mkavu, na hapo ndo watu wanaumia shingo. Yakipwa sana wimbi linapasuka mbali kwenye fungu, unaanguka kwenye maji ya magotini. Na ukianguka, anguka bapa, kichwa kimefunikwa na mikono, usipige mbizi hata siku moja.

Jueni pia maji hayatembei kwa mwendo mmoja. Kwenye fukwe zinazojaa mara mbili kwa siku, katika yale masaa sita, saa la tatu na la nne yanabeba karibu nusu ya maji yote, kwa hiyo hapo katikati nilipokutuma uwe macho, mambo yanabadilika haraka, mahali uliposimama kiunoni unakuta ni kifuani kabla hujashtuka. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndo kali zaidi. Maji mafu, zile siku tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, ndo rafiki yako, panga mafunzo yako hapo. Na kila siku kujaa kunasogea mbele kama dakika 50, ratiba ya Jumatatu sio ya Ijumaa.

SWALI: Nataka kuomba likizo wiki mbili zijazo, mbona utabiri wa siku 14 hausemi kitu cha kueleweka?

Kwa sababu dhoruba itakayotengeneza hayo mawimbi pengine haijazaliwa. Mawimbi mazuri yanatoka mbali. Mwaka 1963 mwanasayansi Walter Munk na wenzake waliweka vituo kuanzia New Zealand mpaka Alaska, wakafuatilia mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba za kusini karibu na Antaktika yakivuka Bahari ya Pasifiki nzima. Na mwendo wake unahesabika: kundi la mawimbi ya sekunde 14 linatembea kama kilomita 39 kwa saa, zaidi ya 900 kwa siku. Kwa hiyo dhoruba ikishatokea mbali na ikashapimwa, siku tatu nne kabla tunaweza kusema mawimbi yanakuja. Upepo wa pale pale ufukweni ndo mgumu, huo mimi nauamini kwa siku mbili tu. Omba likizo kwa msimu, sio kwa siku.

SWALI: Mishale kwenye ramani, "kusini magharibi", ina maana upepo unakwenda huko?

Unatoka huko. Upepo na mawimbi vinaitwa kwa vinakotoka, mkondo wa bahari ndo unaitwa kwa unakokwenda. Chukua ramani ya ufukwe wako uone unatazama wapi, maana mawimbi yanayokuja kutoka upande uliozibwa na rasi hayatakufikia vizuri hata yawe makubwa namna gani.

SWALI: Bodi fupi lini?

Sio sasa. Futi 8 au 9, ya sponji. Hili nimelijibu mara nyingi mno na sitalijibu tena mwaka huu.

SWALI: Kamba ya mguuni inanitatiza, naweza kuivua?

Hapana. Bodi iliyoachiwa kwenye povu inampiga mtoto wa mtu usoni. Ila kamba hukatika pia, kwa hiyo usiende mbali kuliko unavyoweza kuogelea bila bodi, na kama hujui kuogelea, jifunze kuogelea kwanza, haya mengine yatakusubiri.

SWALI: Mvua ikinyesha si tunalowa tu, kuna ubaya?

Mvua yenyewe haina ubaya, radi ndo ina ubaya. Ukisikia ngurumo moja tu, toka majini, na usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mbingu kuonekana bluu juu yako sio ruhusa. Na mvua kubwa ikishapita kaa siku mbili tatu bila kuingia karibu na mdomo wa mto au mtaro, maji yanayotoka hapo yamebeba uchafu wote wa huko juu, halafu nyie mnaniandikia kuuliza kwa nini masikio na matumbo yanawasumbua.

SWALI: Nikifika ufukweni nifanye nini kwanza?

Hili ndo nililokuwa nalisubiri, asante dada. Kaa chini. Bodi iache mchangani, simu weka mfukoni, kaa dakika ishirini kamili. Mawimbi yanakuja kwa makundi, unaweza kukaa dakika kumi unaona madogo tu ukasema leo ni rahisi, kisha kundi kubwa linaingia, na wengi wanaojuta ni wale walioingia kwenye zile dakika kumi. Hesabu sekunde kati ya wimbi na wimbi kwa mdomo wako, uone kama zinafanana na za utabiri. Tafuta ule uchochoro uliotulia ujue uko wapi. Chagua mtu mmoja aliyeko majini umfuatilie, uone anasukumwa kulia au kushoto, kwa sababu na wewe utasukumwa huko huko. Mwisho chagua alama mbili nchi kavu, mti na nyuma yake paa la nyumba, zipange mstari mmoja. Ukiwa majini, kila baada ya wimbi geuka uziangalie. Zikiachana, umeshasogea. Toka, tembea mchangani mpaka ulipoanzia, ndo uingie tena.